Ibada ya Ulimi na Ushanga

Hotuba hii ilitolewa Mombasa, katika jioni ya mazungumzo ya watu wa dini mbalimbali. Imenyooshwa hapa na pale ili isomeke.

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, salaam aleikum, Bwana asifiwe, namaste.

Mwenyekiti amenipa mada moja: kwa nini sisi Wahindu tunarudiarudia maneno yaleyale tunapoabudu. Kabla sijasimama, mchungaji mmoja wa safu ya mbele alinionyesha, kwa upole kabisa, aya aliyokuwa ameifungua kwenye simu yake. Mathayo, sura ya 6: “Nanyi mkiwa katika kusali, msipayuke-payuke, kama watu wa Mataifa, maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi.” Nikamwambia, mchungaji, hao watu wa Mataifa ndio sisi, na jioni hii nimeitwa kujibu mashtaka.

Ningeweza kujibu kijanja. Ningesema Wakatoliki wana rozari, Waislamu wana tasbihi na nyiradi zao za baada ya sala, basi sote tumo. Ni kweli, lakini mshtakiwa hajitetei kwa kumtaja jirani. Na swali lenyewe ni zuri. Mungu si kiziwi. Ukimwita mara moja, amesikia. Ya pili ni ya nini? Na ya mia na nane?

Jibu langu litapita njia ndefu kidogo. Nataka kuwaonyesha kwamba kutaja jina kwa kurudia, ambako sisi tunakuita japa, kulikua na kuenea kwa sababu ndiyo ibada ambayo hakuna aliyeweza kuifungia mlango. Haitaki kuhani. Haitaki moto wala samli. Haitaki ujue kusoma, wala haiulizi baba yako alikuwa nani. Ukiwa na ulimi, unayo. Ndiyo maana ukifuatilia historia yake utakutana kila mara na watu waliozuiwa kuingia mahali fulani.

Tuanze na kifaa chenyewe. Hii niliyoshika inaitwa mala. Ina shanga 108, na moja kubwa yenye kishada, inayoitwa meru kwa jina la mlima ambao katika masimulizi yetu umesimama katikati ya ulimwengu. Mala inashikwa kwa mkono wa kulia, inalala juu ya kidole cha kati, na kidole gumba kinavuta ushanga mmoja mmoja. Kidole cha shahada kinakaa pembeni, hakigusi. Wazee husema hicho ni kidole cha kunyooshea wenzako na cha kusema “mimi”, kwa hiyo hapa hakina kazi. Kila ushanga, mantra moja, yaani maneno matakatifu ya kurudiwa. Ukifika kwenye meru huivuki. Unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Wanaomwabudu Vishnu, au Rama na Krishna ambao ni Vishnu katika umbo la binadamu, hutumia shanga za mti wa tulasi, mmea wa jamii moja na kivumbasi na mrihani wetu. Watu wa Shiva hutumia rudraksha, kokwa ngumu zenye mikunjo mikunjo kama hizi. Wengi huficha mkono na mala ndani ya mfuko wa kitambaa unaoitwa gomukhi, maana yake mdomo wa ng'ombe, ili watu wasione umefika wapi. Idadi ni yako na Mungu wako. Asiye na mala huhesabu kwa vifundo vya vidole, na hakuna atakayemwambia ibada yake ni pungufu.

Bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi Wagujarati tunamwita Ba, hakukanyaga shule. Aliletwa Mombasa akiwa bibi harusi, kutoka kijiji kimoja cha Kathiawar. Kila asubuhi akishaoga, kabla hajatia kitu kinywani, alikaa kwenye kiti kifupi kati ya jiko na mlango wa duka, mkono ndani ya gomukhi, midomo ikicheza bila sauti. Katikati ya mzunguko mtu haongei. Basi Ba aliendesha nyumba nzima kwa nyusi. Ukipanda unyusi mmoja, maziwa yanakaribia kufurika. Zikipanda zote mbili, kuna mteja dukani na hakuna wa kumuuzia. Akitoa “hmm!” kali ya puani, ujue kuna mjukuu ametia mkono mchafu kwenye chupa ya achari. Na muda wote huo kidole gumba ndani ya mfuko hakisimami. Sisi watoto tulidhani ndiyo ibada ilivyo: mtu anaongea na Mungu huku anachunga maziwa.

Alasiri alikuwa akija jirani, bi mkubwa wa Kiswahili, wanakaa barazani, huyu na mala yake na yule na tasbihi yake. Siku moja bi mkubwa akamuuliza, “Mama, mimi zangu tisini na tisa. Mbona wewe mia na nane?” Ba akamjibu, “Mia ni za Bhagwan, Mungu, nane ni za makosa. Wewe bibi huna makosa.”

Jibu hilo wazee wengi hulitoa: mia ndizo hesabu yenyewe, nane zinaziba zile ambazo ulimi uliteleza au akili ilitoroka. Wanajimu wana lao. Njia ya mwezi angani imegawanywa katika vituo 27, kila kituo na robo nne, jumla 108. Wengine huzidisha nyumba 12 za falaki kwa sayari 9. Chagueni mnayoitaka. Mimi nimeshikilia ya Ba.

Sasa, japa ina ngazi tatu: ya sauti, ya kunong'ona ambapo midomo tu ndiyo inayotikisika, na ya moyoni. Kitabu cha sheria cha Manu, chenye umri wa karibu miaka elfu mbili, kinaziwekea bei kabisa. Japa inashinda dhabihu za kawaida mara kumi, ya kunong'ona mara mia, ya moyoni mara elfu. Na katika Gita, kitabu chetu kitakatifu, sura ya 10, Krishna anapotaja kilicho bora katika kila jamii ya vitu, anasema kati ya dhabihu zote yeye ni japa. Fikirini maneno hayo yalisemwa katika nchi gani. Dhabihu za Veda, maandiko yetu ya kale kabisa, zilitaka makuhani kadhaa, kila mmoja na kazi yake, madhabahu ya matofali yaliyopimwa kwa kamba, samli, nafaka, na zamani wanyama pia. Ilikuwa ibada ya mfalme na tajiri. Halafu vitabu vilevile vinasema kuna dhabihu iliyo juu ya hizo, na gharama yake ni pumzi.

Lakini msinielewe vibaya, milango ilikuwapo. Kitabu hichohicho cha Manu kinachosifu mnong'ono kinakataza Shudra, mtu wa tabaka la chini, afundishwe sheria takatifu. Mantra inayoheshimiwa kuliko zote kwetu ni Gayatri. Imo katika Rigveda, mojawapo ya Veda hizo, kitabu cha 3, wimbo wa 62, beti ya 10. Ina silabi 24, na inamwomba Savitr, nguvu ya Mungu iliyo ndani ya jua, aziamshe akili zetu. Dua nzuri, fupi, haiombi mali wala watoto. Mvulana hufundishwa siku anapovishwa uzi mtakatifu: baba au guru, yaani mwalimu wa kiroho, anajifunika naye shuka moja na kumnong'oneza sikioni. Kwa karne nyingi sikio hilo lilikuwa la mvulana wa matabaka matatu ya juu. Wanawake hapana. Shudra hapana. Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875, ilikuja kusema hayo si sawa, na siku hizi mtaisikia Gayatri ikiimbwa na wasichana, hata ikilia kwenye simu za watu. Lakini Ba wangu hakuwahi kuitamka. Alifundishwa kwamba si yake.

Na hapa ndipo jina linapoingia. Mantra ya Veda ina masharti: lafudhi, saa, usafi, ukoo. Jina la Mungu peke yake, Ram, Narayan, Krishna, halina. Na waliolitoa nje ya ukuta walijua wanachofanya.

Watamil wana simulizi kuhusu Ramanuja, mwanateolojia mkubwa ambaye kwa mapokeo alizaliwa mwaka 1017. Alitaka kupewa maana ya mantra ya silabi nane, Om Namo Narayanaya, na aliyekuwa nayo ni guru wa Thirukoshtiyur. Ramanuja akatembea kutoka Srirangam kwenda kwake. Akarudishwa. Akaenda tena. Mapokeo yanasema alirudishwa mpaka safari ya 18 ndipo akakubaliwa, na kwa sharti: hii ni siri, ukimwambia asiyestahili utakwenda motoni. Kesho yake Ramanuja akapanda mnara wa hekalu, akaita watu wote wa mji, wa kila tabaka, akaitangaza kwa sauti kutoka juu. Guru akaja amewaka. Ramanuja akamwambia, ikiwa mimi peke yangu nitakwenda motoni na hawa wote wataokoka, nimeridhika. Yule mzee akamkumbatia. Mwanahistoria anaweza kuwa na maswali yake kuhusu kisa hiki. Mimi ninachotazama ni kwamba Wahindu wamekisimulia kwa karne nyingi, na hakuna anayekisimulia akiwa upande wa siri.

Cha pili kinatoka Varanasi, karne ya 15. Kabir, mfumaji nguo wa familia ya Kiislamu, alimtaka Ramananda awe guru wake, na alijua hatapokelewa. Basi akaenda alfajiri gizani, akalala kwenye ngazi za Mto Ganga ambako Ramananda hushukia kuoga. Mzee akamkanyaga, akashtuka, akasema, “Ram, Ram!” Kabir akainuka na kwenda zake. Ameshapewa mantra. Guru amemgusa kwa mguu na kumtamkia jina, kinakosekana nini? Kisa hiki hunichekesha kila mara, kwa ule ujanja wake wa mtu wa chini ambaye amechoka kubisha hodi.

Haridas wa Bengal, naye pia alizaliwa katika familia ya Kiislamu, alikuwa rafiki wa Chaitanya (1486–1534), yule aliyewatoa watu wa Bengal na Orissa barabarani kuimba jina la Krishna. Mapokeo yanasema Haridas alitaja jina mara laki tatu kwa siku. Wote wawili waliishi Puri, penye hekalu kubwa la Jagannath, na Haridas hakuingia hekaluni kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Alikaa nje kwenye kibanda chake na shanga zake. Kila siku Chaitanya alitoka hekaluni kwenda kumwamkia huko.

Lakini wanaonigusa zaidi ni watu wa karibu na zama zetu. Huko Chhattisgarh, katikati ya India, miaka ya 1890, watu wa tabaka la watengeneza ngozi, ambao hekaluni hawakukanyaga na kisimani hawakuteka, walianza kujichanja chale za wino. Neno moja tu, Ram, Ram, Ram. Kwenye mikono, kifuani, usoni, wengine mwili mzima, mpaka kwenye kope za macho. Wanaitwa Ramnami. Wanavaa shuka zilizoandikwa jina hilohilo kutoka pindo hadi pindo na kofia za manyoya ya tausi, na wanapokusanyika huimba wakiwa wamefunga njuga miguuni. Ukiwauliza Ram ni nani, wengi watakwambia si yule mfalme wa Ayodhya mwenye sanamu. Ni Mungu asiye na umbo. Mnatunyima sanamu? Kaeni nayo. Leo vijana wao hawataki tena kuchanja uso. Wanataka kazi mijini, na uso ulioandikwa huwatangazia waajiri tabaka lao. Siwalaumu hata kidogo.

Na Gandhi? Watu humkumbuka akiimba Ram na maelfu ya watu, kana kwamba aliokota jambo hilo katika siasa. Mwenyewe ameandika kwamba alipokuwa mtoto Porbandar alikuwa akiogopa mizimu na majini, na yaya wake, mtumishi wa nyumba aitwaye Rambha, akamwambia: ukiogopa, taja Ram. Hakumtaja kuhani kuwa ndiye aliyempa dawa hiyo. Alimtaja yaya. (Kwa watu wa hapa niongeze: alipokwenda Afrika Kusini mwaka 1893, meli yake ilitia nanga Lamu, hapa Mombasa, na Unguja. Lamu nusura imwache.)

Sasa nirudi kwenye mashtaka, maana bado sijayajibu. Ni sawa kwamba jina liko wazi kwa kila mtu. Lakini kwa nini mara nyingi? Je, mtu hawezi kulipayuka tu huku akiwaza bei ya mchele?

Anaweza. Na aliyelisema hilo kwa ukali kuliko mtu yeyote ni Kabir yuleyule. Katika beti zinazosemwa kuwa ni zake anaimba: tasbihi inazunguka mkononi, ulimi unazunguka kinywani, na moyo unazunguka pande zote nne, huko siko kukumbuka. Anasema mtu amezungusha shanga miaka na miaka na moyo wake haujageuka, basi atupe za mkononi azungushe ya moyoni. Kwa hiyo, ndugu Wakristo, Mathayo 6 hata sisi tunayo, na mwenye kuisema kwetu alikuwa na Ram mdomoni muda wote. Hakuwaambia watu waache jina.

Tuna upande mwingine wa kesi vilevile. Simulizi la Valmiki, ambaye ndiye aliyetunga Ramayana, utenzi wa kisa cha Rama. Alikuwa jambazi wa porini. Wahenga walipomhurumia na kumwambia ataje Rama, hakuweza, dhambi zilikuwa zimemkaba koo. Wakamwambia, basi sema kinyume chake, sema “mara”. Huko kwetu neno hilo ni la kufa, nalo kwa muuaji halikuwa gumu. Jaribuni wenyewe, semeni haraka bila kupumzika: mara, mara, mara, mara… Mmesikia limegeuka kuwa nini? Aliendelea hivyo akiwa ameketi pale pale mpaka mchwa wakamjengea kichuguu juu yake, na kwa lugha ya Sanskriti kichuguu ni valmika. Jina lake limetoka humo. Na katika Bhagavata Purana, kitabu cha 6, kuna Ajamila, mtu aliyeharibu maisha yake yote, ambaye anapokata roho anamwita kwa hofu mwanawe wa mwisho, Narayan, ambalo pia ni jina la Vishnu. Wajumbe wa kifo wamekuja kumchukua, wajumbe wa Vishnu wanawazuia: huyu ametaja jina. Wanabishana sura nzima, kama mawakili. Alikuwa anamwita mtoto! Haidhuru, ametaja.

Basi nia inahitajika au haihitajiki? Wahindu hatujaafikiana, na mimi sioni aibu kulisema hilo mbele ya wageni. Wafuasi wa Chaitanya wana orodha ya makosa kumi dhidi ya jina, na mojawapo ni kutenda dhambi makusudi kwa kuhesabu kwamba jina litakufutia. Wanamsimulia Ajamila kwa machozi, halafu wanakukataza kumfanya Ajamila mpango wa maisha.

Mwenye jibu la vitendo kwangu ni Ramana Maharshi, aliyeishi chini ya mlima wa Tiruvannamalai mpaka alipofariki mwaka 1950. Alisema mkonga wa tembo haukai bila kugusa hiki na kile, lakini akipewa mnyororo aushike, atatembea ameshika mnyororo tu. Mimi nimewaona tembo wa mahekalu wakipitishwa sokoni, kati ya ndizi na nazi, na mtu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Waliobuni japa walijua kabisa kwamba akili itatoroka. Walijua kwenye ushanga wa tatu umeshafika benki. Kwa hiyo walikupa kitu cha mkono, kitu cha ulimi na kitu cha sikio, ili siku ambayo moyo haupo, angalau vitatu viko kazini vinaungoja. Marudio ni kwa ajili yetu. Mungu, kama tulivyokubaliana, alisikia la kwanza.

Ndiyo maana pia kuna viwango ambavyo kwa mgeni vinaonekana wazimu. Atakayeishughulikia Gayatri kikamilifu huirudia laki moja kwa kila silabi, yaani mara 2,400,000. Samarth Ramdas, mtakatifu wa Maharashtra wa karne ya 17, husimuliwa kuwa alisimama mtoni karibu na Nashik kila siku kwa miaka 12 akirudia mantra ya Rama yenye silabi 13. Wengine wanaandika badala ya kutamka. Varanasi kuna “benki” iliyoanza miaka ya 1920 ambako mtu anakopeshwa Ram 125,000, anapewa karatasi, kalamu na wino, anakwenda kuandika, na anarudisha karatasi zilizojaa. Riba hakuna. Na wako wanaofuata hesabu ya yoga inayosema mtu huvuta pumzi 21,600 kwa siku, na kila pumzi inaingia na kutoka ikisema mantra yenyewe, mtu asikie asisikie. Hao wameshaiacha mala.

Mahali paliponipa mshangao mkubwa kuliko pote ni Jamnagar, mji wa Gujarat. Wengi wa Wahindi mnaowajua hapa Kenya, hasa Waoshwal, ambao dini yao ni Ujaini, babu zao walitoka vijiji vya kuzunguka mji huo. Pale kando ya ziwa pana hekalu dogo la Bala Hanuman. Tarehe 1 Agosti 1964 watu walianza kuimba Shri Ram, Jai Ram, Jai Jai Ram, na hawajanyamaza. Saa ishirini na nne, kwa zamu, watu wa kujitolea. Vita vya 1965 na 1971 vimepita. Tetemeko la Januari 2001 lililoua maelfu katika Gujarat limepita.

Nilikaa pale usiku. Msidhani utakuta shangwe. Saa nane za usiku palikuwa na wazee wachache, mpiga harmoniamu anasinzia na vidole vinaendelea vyenyewe, feni inalia kwe-kwe, mwingine anapiga matuazi bila kukosea huku anajikuna mgongo. Mlinzi wa zamu akaja na chai. Mmoja akaacha kuimba akanywa, wenzake wakashikilia, halafu wakabadilishana, na wimbo haukukatika hata kwa funda moja la chai. Nilikuwa nimetegemea kuona utakatifu, nikaona nidhamu ya watu wa bandarini. Sauti nzuri haikuwepo. Mimi mwenyewe ndipo nilipoacha kuionea aibu japa ya Ba ya kuchunga maziwa.

Niseme neno moja kuhusu sisi Wahindu wa pwani hii, na wenzangu walioko humu wanisamehe. Jina hili lilivuka bahari bila shida. Halikuhitaji jahazi la kubeba madhabahu, lilikuja mdomoni. Lakini tulipofika tukalijengea ukuta. Methali yenu inasema baniani mbaya kiatu chake dawa, na mimi huwa nasema dawa yake nyingine hamkuionja kwa sababu hatukuwakaribisha. Mwaka 1971 alikuja Nairobi A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, mzee wa Kibengali aliyekuwa amesafiri kwa meli ya mizigo kwenda New York mwaka 1965, akiwa na miaka 69, na mwaka uliofuata akaanzisha huko jumuiya ambayo dunia inaiita Hare Krishna. Wanafunzi wake wa Kimarekani aliwataka mizunguko 16 ya mala kila siku, ambayo ni mantra 1,728 na inachukua kama saa mbili. Desturi kamili ilikuwa mizunguko 64, hao wakashindwa, akawapunguzia. Alipofika Nairobi alikuta mahubiri yanazunguka ndani ya nyumba za Wahindi tu. Akasisitiza milango ifunguliwe kwa Waafrika. Kuna wazee wa jamii yangu ambao hawakufurahi. Huyo mgeni alikuwa anatukumbusha Ramanuja, nasi tulikuwa upande wa guru wa Thirukoshtiyur, tena kabla hajamkumbatia mtu.

Kuna karatasi imeletwa hapa inauliza: je, ni kweli japa inatibu presha? Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha utafiti wa Waitaliano wakiongozwa na Luciano Bernardi. Walichukua watu 23, wakawapima wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kisha wakirudia mantra ya Kitibeti. Zote mbili zilipunguza pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na moyo na mishipa ikaingia katika mwendo mmoja na pumzi. Utafiti mzuri, nami nafurahi rozari na mantra zimetoka sare. Lakini watu 23 ni wachache, na hapo si dawa iliyopimwa. Anayetumia vidonge vya presha aendelee navyo, mala ashike kwa mkono mwingine.

Karatasi ya pili: je, asiye Mhindu anaruhusiwa? Majina niliyoyataja jioni hii, Ram, Narayan, Krishna, hayana mwenyewe wa kutoa ruhusa. Mantra ambazo guru humpa mwanafunzi wake sikioni ni jambo jingine. Hizo mtu hazitangazi, na si adabu kumuuliza mtu ya kwake ni ipi. Guru wa kweli hatoi kwa kuuza. Akikutumia ujumbe kwamba anayo mantra ya biashara, au ya kumrudisha mume, na chini yake kuna namba ya kulipia, huyo mkimbie kama unavyomkimbia mganga wa bango la barabarani.

Nimeshaonyeshwa saa. Mala hizi mbili, ya tulasi na ya rudraksha, nazipitisha safu kwa safu, zishikeni, hazina mwiko. Mama wa buibui jeusi kule nyuma, mkono wako nimeuona tangu nilipomtaja yule bi mkubwa wa barazani. Karibu, uliza.